Hongo, trakaseri, kukamuliwa: maneno ya kulazimishwa katika Kiswahili cha Uvira



Katika mabaraza ya wazee wa kanisa, kuanzia Kamanyola mpaka Baraka, kuna swali linalorudi mara kwa mara. Mshiriki amelipa pesa kwenye barieri, hakupewa risiti, akaendelea na safari. Jioni dhamiri inamsumbua. Anakuja kwa mchungaji na kuuliza: je, nimetoa hongo? Mimi ni mwenye dhambi ya rushwa? Wazee wakiketi juu ya jambo hilo, mara nyingi wanagawanyika. Wengine wanasema hongo ni hongo, hata ikiwa ni franga mia tano. Wengine wanauliza: angefanya nini, na mzigo wa ndagala unaharibika juani?

Tunaona kwamba sehemu kubwa ya ugumu huu iko katika maneno yenyewe. Kiswahili chetu kina maneno mengi ya shinikizo, kulazimisha na kunyang'anya, na kila neno linaweka kosa juu ya mtu tofauti. Neno moja linamshitaki aliyedai, lingine aliyetoa, lingine halimshitaki mtu yeyote. Kwa hiyo tumekusanya hapa maneno tunayotumia kandokando ya ziwa na katika uwanda wa Ruzizi: ya Kiswahili sanifu, ya mtaani, yale yaliyotoka Kifaransa na Lingala, na machache ya Kigiriki cha Agano Jipya, ili walimu wa shule ya Biblia na wazee wa kanisa wawe nayo mkononi.

Hongo ilianzia njiani

Tuanze na hongo, kwa sababu historia yake imepita hapa hapa kwetu. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi kwenda Ujiji ililipa hongo kwa watemi na wami ambao nchi zao ilizipita. Walilipa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Burton na Speke, waliofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwezi Aprili 1858, wanaitaja hongo katika habari za safari yao. Stanley naye, mwaka 1871, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alitozwa hongo mara kadhaa katika nchi ya Uha, mpaka akaamua kupita porini usiku pamoja na watu wake wote ili asitozwe tena. Mwezi Novemba mwaka huo yeye na Livingstone walikuja kwa mtumbwi mpaka ncha hii ya kaskazini ya ziwa, wakahakikisha kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki.

Hongo basi ilikuwa jina la ushuru wa njia. Hatusemi kila hongo ya zamani ilikuwa unyang'anyi. Kulikuwa na mwami aliyetoa maji, chakula na usalama kwa wageni wake, na alikuwa na haki ya kupokea kitu. Lakini msafiri hakulipa hongo ili apate upendeleo. Alilipa kwa sababu mwenye njia alidai, na mwenye njia alikuwa na mikuki.

Leo neno limegeuka. Ukisema mtu amehonga, kidole kinamwelekea aliyetoa: yeye ndiye aliyetafuta njia ya mkato, aliyetaka kushinda kesi isiyo yake au kupata kiwanja cha mwenzake. Angalia mwendo wa neno hili. Lilianza kama jambo analofanyiwa msafiri, likaishia kuwa kosa analolifanya yeye mwenyewe. Mama anayelipa barieri ya Sange leo anatoa hongo kwa maana ya mwaka 1858. Kwa maana ya sasa, hakuhonga. Wazee wanaogawanyika juu yake huenda wanatumia neno moja lenye historia mbili.

Rushwa, neno lililotoka Kiarabu, ni rahisi zaidi. Katika Kutoka 23:8 na Kumbukumbu la Torati 16:19 sheria inamkataza anayepokea, yaani mwamuzi, kwa sababu zawadi inapofusha macho ya wenye kuona. Matabishi ina asili ya kuchekesha kidogo. Ni Kireno, maana yake kuua mdudu, na lilikuwa jina la kinywaji cha asubuhi cha kutuliza tumbo. Likawa bakshishi ya mtumishi, kisha katika Kongo yetu likawa pesa ya kumlainisha mtu wa ofisi.

Barieri na majina yake matamu

Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Antwerp, Ubelgiji, ilitoa uchunguzi juu ya vizuizi vya barabarani katika Kivu mbili. Walihesabu vizuizi 798, vikiwamo 312 Kivu ya Kaskazini na 486 Kivu ya Kusini. Vingine ni vya jeshi, vingine vya polisi, vya makundi yenye silaha, vya watu wa kodi, hata vya chefferie. Msomaji wa Uvira anayetumia barabara ya taifa namba 5, kupanda Bukavu au kushuka Fizi, hahitaji ramani hiyo ili kuamini.

Kinachotuhusu hapa ni lugha inayosemwa kwenye kamba ile. Ni mara chache utasikia neno la kudai. Utasikia: mama, utuachie ya maji. Papa mchungaji, na sisi tunywe chai. Ya sabuni. Kwa Lingala: madesu ya bana, maharagwe ya watoto. Haya yote ni maneno ya kuomba. Mwenye kusikiliza kwa mbali angefikiri ni maskini anayeomba sadaka. Lakini sadaka ina alama yake: unaweza kukataa na ukaendelea na njia yako. Pale ambapo kukataa kunaleta kushushwa mzigo, kunyimwa karatasi zako au kukalishwa juani mpaka jioni, ombi limekwisha kuwa amri, hata likisemwa kwa sauti ya upole.

Neno letu la jumla kwa mambo haya ni trakaseri, kutoka Kifaransa. Hapa tuna maoni. Kwa Kifaransa tracasserie ni usumbufu mdogo mdogo, kama mbu usiku. Tumelizoea sana, hata katika matangazo ya redio na barua za mashirika ya kiraia, na kwa kulizoea tumepunguza uzito wa jambo. Mtu aliyeporwa nusu ya faida yake ya wiki hakusumbuliwa na mbu. Mwandishi wa habari anaweza kulitumia, lakini katika maombi na katika mafundisho tungependa kusikia neno lililo wazi zaidi.

Kivu ya Kaskazini wana msemo wa lala salama, kwa malipo yanayotozwa na wenye silaha ili raia walale. Jetoni ni kile kikaratasi kinachoonyesha kwamba umelipa. Ni majina mazuri mno kwa jambo baya, na sisi wahubiri tuyachunge tusiyarudie bila kuyaeleza.

Kukamua na kutikisa

Neno lililo wazi tunalo: kukamua. Sote tunajua mashine za kukamulia mawese huko Mboko na Swima. Chikichi linabanwa mpaka mafuta yanatoka, na chikichi halikuulizwa. Neno shinikizo nalo lina asili hiyo hiyo, kwa maana lilikuwa jina la chombo cha kukamulia mafuta au miwa kabla halijawa neno la siasa na la ugonjwa wa damu.

Lugha nyingine nazo zimeona picha ile ile. Wamisionari wa Kiswidi na wa Kinorwe waliofika kwetu Uvira mwanzoni mwa miaka ya 1920, ambao makanisa mengi ya Kipentekoste ya mashariki yametokana na kazi yao, wanaliita jambo hili utpressning kwa Kiswidi na utpressing kwa Kinorwe: kubana mpaka kitu kitoke. Wadenmaki, majirani wao, wanasema afpresning, kubana kitu kitoke kwa mtu, na tvang kwa kulazimisha kwa jumla. Kifaransa extorsion, na Kiingereza extortion, yanatoka katika Kilatini, kunyonga kitu mpaka kitoke, kama mama anavyonyonga nguo aliyoifua ziwani. Kifaransa kina tena chantage, kumfanya mtu aimbe, kwa yule anayetishiwa kwamba siri yake itatangazwa. Vijana wetu wanalijua sana siku hizi za simu.

Lakini picha iliyotugusa zaidi iko katika Luka 3:14. Askari wanamwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Yohana hawaambii waache uaskari. Anawakataza mambo mawili na kuwaagiza la tatu. La kwanza, Biblia yetu ya Kiswahili inatumia neno kudhulumu. Kigiriki ni diaseio: kutikisa kwa nguvu, kama mtu anavyotikisa mwembe ili maembe yaanguke. La pili ni sykophanteo, kumshitaki mtu kwa uongo ili upate kitu kwake. Neno hilo hilo Zakayo analitumia juu ya nafsi yake katika Luka 19:8, na pale Kiswahili kinasema kunyang'anya kwa hila. La tatu ni kutosheka na posho.

Biblia ya Kilatini ilitafsiri lile neno la kwanza kwa kitenzi concutere, kutikisa. Kutoka kitenzi hicho sheria ya Kifaransa ilipata neno concussion, na neno hilo limo katika kodi ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 146: mtumishi wa serikali anayedai au kupokea kile anachojua hakidaiwi, au kinachozidi kinachodaiwa. Wanasheria wetu wa Uvira wanalitumia kila siku. Kwa hiyo hakimu anayemhukumu mtu kwa concussion anatumia picha ile ile ya mto Yordani. Na extorsion, yaani kuchukua mali kwa nguvu au kwa vitisho, iko katika kifungu cha 84, adhabu yake miaka 5 mpaka 20 ya kifungo. Katika vifungu hivyo viwili mkosaji ni yule anayetikisa. Rushwa ina vifungu vyake vingine.

Kuna ndugu watauliza juu ya askari mwenyewe. Ni kweli, wengi wanajua neno raportaji: yule aliye kwenye kamba anatakiwa apeleke kiasi fulani juu, kwa mkubwa wake, la sivyo ataondolewa mahali pale. Naye anakamuliwa. Yohana alipotaja posho alijua kwamba posho ndiyo chanzo cha maneno mengi. Tunao washiriki waliovaa yunifomu, na inafaa wahubiriwe Luka 3 kwa upendo, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya kuhubiriwa mbele ya watu.

Kubebeshwa

Mathayo 5:41 inasomwa sana katika harusi na katika semina za msamaha, lakini kwa watu wa milima ya Uvira na Fizi ina ladha nyingine. Neno kulazimisha hapo ni Kigiriki angareuo, ambalo asili yake ni utumishi wa matarishi wa mfalme wa Uajemi. Warumi walilichukua kwa haki ya askari kumkamata raia, au punda wake, abebe mzigo. Katika Mathayo 27:32 linarudi: ndivyo walivyomfanyia Simoni Mkirene, na Kiswahili kinasema wakamshurutisha. Msalaba wa Bwana ulibebwa na mtu aliyekamatwa njiani akitoka zake shamba.

Kwetu jambo hilo linaitwa kubebeshwa. Vijana wengi waliopanda Bijombo au Minembwe siku ya soko walirudi wakiwa wamebebeshwa masanduku ya risasi, na wazee wanakumbuka ya nyuma zaidi. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1917 iliruhusu wenyeji walazimishwe kulima mazao ya serikali hadi siku 60 kwa mwaka, na pamba ya uwanda wa Ruzizi ina historia hiyo ndani yake. Kisha ikaja salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya pamoja ambayo asiyekuja alilipa faini. Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inakataza kazi ya shuruti. Salongo ya kusafisha mfereji baada ya mafuriko kama yale ya Aprili 2020 ni jambo jema, na makanisa yalishiriki. Faini isiyo na karatasi baada ya salongo ni jambo lingine.

Kukomboa

Hili tunaliandika polepole, maana kuna nyumba bado zina msiba. Katika uwanda wa Ruzizi na kando ya barabara, watu wametekwa, na jamaa wakaambiwa kwa simu walete pesa. Kifaransa ni rançon. Kiswahili cha mtaani kinasema kukomboa: tumechanga kukomboa ndugu yetu. Biblia inatumia fidia, kwa mfano Marko 10:45, Kigiriki lytron.

Mhubiri anayesimama mbele ya familia iliyouza ng'ombe na shamba ili kumpata mtoto wao, akasema Kristo ni fidia yetu, ajue kwamba watasikia kitu ambacho mhubiri wa Stockholm hakikusudii. Watauliza: alilipwa nani? Swali hilo ni la zamani. Origen na Gregori wa Nyssa walielekea kusema malipo yalikwenda kwa shetani. Gregori wa Nazianzo alilikataa wazo hilo kwa ukali, kwamba mnyang'anyi asipewe malipo makubwa namna ile. Sisi tunakaa upande wa huyu wa pili. Marko anasema juu ya gharama aliyotoa Mwana na juu ya watu waliowekwa huru. Habari ya mtekaji kupata faida haimo.

Kuna shida nyingine ndogo. Mahakamani fidia ni malipo anayopewa aliyeumizwa, yaani kinyume kabisa. Tunashauri katika kumbukumbu za kanisa iandikwe pesa ya kukomboa kwa kile kilichochukuliwa na watekaji, na neno fidia libaki kwa haki ya mahakama na kwa kazi ya Kristo. Na familia iliyolipa isiitwe kamwe iliyosaidia wahalifu.

Basi, nani amehonga?

Tukirudi kwa wazee walio barazani, hatutaki kusema kwamba kila aliyetoa pesa alikamuliwa. Tunajijua. Yupo anayelipa ili mzigo wake usipimwe Kavimvira. Yupo anayelipa ili PV iandikwe dhidi ya jirani yake, au ili mtoto apate pointi ambazo hakuzifanyia kazi. Hao walitafuta kitu ambacho hakikuwa haki yao, na neno hongo linawafaa. Mtume Paulo alikaa kifungoni Kaisaria miaka miwili huku Feliki akitumaini kupewa pesa, kama Matendo 24:26 inavyosema, wala hatusomi kwamba alitoa. Angeweza kuchangisha makanisa.

Swali la kwanza la wazee liwe hili: kile alichokuwa anataka kilikuwa haki yake, au la? Kupita barabara ya taifa ni haki yake. Kurudi nyumbani toka Gatumba akiwa na karatasi zake ni haki yake. Na je, aliweza kukataa bila kuumizwa, bila kupoteza mali, bila kufungwa? Aliyelipa kwa ajili ya haki yake, chini ya tishio, ameibiwa. Anahitaji faraja, na kama inawezekana, msaada wa kupeleka mashitaka. Kumweka chini ya nidhamu na kumtenga na Meza ya Bwana ni kumkamua mara ya pili.

Kujua sheria kunasaidia hapa. Katiba, kifungu cha 174, inasema hakuna kodi isipokuwa kwa sheria. Na dekreti namba 036 ya tarehe 28 Machi 2002 iliruhusu idara nne tu kufanya kazi mpakani: forodha (wakati ule OFIDA, leo DGDA), OCC, uhamiaji wa DGM, na afya ya mpakani. Mama anayevuka Kavimvira akikuta meza ya tano na ya sita, anaweza angalau kujua ni meza ya namna gani, hata kama siku ile hana nguvu ya kuipita bila kulipa.

Kuna meza nyingine ya kuangalia, nayo iko ndani ya kanisa. Wana wa Eli, katika 1 Samweli 2, walimtuma mtumishi na uma wa meno matatu, na aliyetaka kuteketeza mafuta kwanza kama ilivyoagizwa aliambiwa atoe sasa, la sivyo nyama itachukuliwa kwa nguvu. Paulo alipochangisha kwa ajili ya Yerusalemu alikataza kutoa kwa lazima, 2 Wakorintho 9:7. Sisi tunazo kota za parokia, karatasi za ahadi zinazosomwa kwa sauti mbele ya watu, majina ya wasiotoa yanayobaki ubaoni mwezi mzima, na mazishi yanayosubiri mpaka deni la mchango liishe. Kwa Kiswahili sanifu hilo ni shinikizo. Kule Mulongwe, mama mmoja wa kanisa alituambia yeye anaiita barieri ya Jumapili.